Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mifereji nayo ifundishwe

Mheshimiwa Waziri, salaam sana.

Mimi ni mwalimu wa historia kwenye sekondari ya kata. Kila mwaka nikiuliza makaa ya mawe yalifikaje Manchester, Uingereza, viwanda vilipoanza, darasa zima linaitikia "treni!" Siwalaumu, vitabu tulivyonavyo vinatoka injini ya mvuke vinaruka hadi reli, wakati reli ya Liverpool na Manchester imefunguliwa 1830, sasa miaka yote ya nyuma mzigo ulibebwa na nini?

Ulipita majini mheshimiwa. Mwaka 1761 Duke wa Bridgewater, kabaila mkubwa wa huko, alifungua mfereji wa boti, yaani njia ya maji ya kuchimbwa, kutoka machimbo yake ya Worsley kuelekea Manchester, mfereji wenyewe uliingia mpaka ndani ya mgodi, boti zikawa zinapakiwa humohumo, halafu pale Barton ulivuka mto Irwell kwa juu, yaani boti ilipita juu ya daraja na chini kulikuwa na boti zingine! Fundi wake James Brindley alikuwa mtengeneza vinu tu, hata kuandika kulimsumbua, ila ndo alijua kushindilia udongo wa mfinyanzi maji yasinywewe na ardhi. Makaa yalipofika mjini bei ikashuka karibu nusu.

Farasi mmoja kwenye barabara mbovu za wakati ule akivuta tani moja kajitahidi, lakini huyohuyo akitembea ukingoni na kuvuta boti kwa kamba anavuta tani 30. Wanafunzi walinibishia, nikawapeleka lamboni na beseni kubwa lenye tofali nne, kijana wa nguvu akaliburuta mchangani mpaka jasho likamtoka, tulipoliweka kwenye maji binti mdogo kuliko wote akalivuta kwa uzi wa kushonea. Hilo somo hakuna aliyelisahau.

Na sio makaa tu, Josiah Wedgwood vyombo vyake vya udongo vilikuwa vinavunjikia njiani, ndo maana akapigania sana mfereji wa kuunganisha mito ya Trent na Mersey, kazi ikaanza 1766 ikaisha 1777. Tuwaambie pia ukweli kwamba boti hizohizo zilikuja kupeleka viwandani pamba iliyolimwa na watumwa kule Amerika, hilo tusilifiche.

Ninachoomba ni vipindi viwili tu na ramani moja inayoonyesha Worsley, Manchester na Liverpool, viwekwe kabla ya somo la reli. Beseni na tofali ninavyo tayari.