Chupa zituambie mafuta yanaganda kiasi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wanaofungasha mafuta ya kula, pamoja na sisi tunaoyanunua Majengo na Sabasaba hapa Dodoma.

Chupa ikiandikwa "Haina kolesteroli" (yaani yale mafuta ya kwenye damu yanayoweza kuziba mishipa yakizidi), mnunuzi anaona ameokoa moyo wake. Maneno hayo ni kweli, ila hayamsaidii kuchagua, kwa kuwa mafuta yote ya mimea yako hivyo. Alizeti haina, mawese hayana, hata nazi haina. Kolesteroli nyingi tuliyo nayo mwilini hutengenezwa na ini letu wenyewe. Ile mbaya, LDL, hupandishwa zaidi na mafuta yenye tabia ya kuganda, maana hulifanya ini lizembee kuiondoa kwenye damu. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina hiyo. Kwenye alizeti ni kama sehemu moja tu kati ya kumi. Asiyeamini aweke chupa mbili nje usiku wa Julai, baridi ya Dodoma ikikolea, aone ipi itaamka imeganda. Na ajabu ni kwamba alizeti ni zao letu, sisi na jirani zetu wa Singida, lakini bei ikitofautiana kidogo tunaikimbia.

Simkatazi mtu kwenda kula nyama mnadani Msalato (mimi mwenyewe siwezi kuacha). Ila yale mafuta meupe ya mbuzi tuwe tunayaachia moto, na nyumbani tusione haya kurudia ugali wa uwele kwa mlenda na kunde.

Jambo la pili ni kupima. Kolesteroli ikizidi haiumi wala haichoshi, na wembamba si kinga. Wapo wanaoirithi kwa wazazi, ikawa juu wakiwa bado vijana. Ukipewa majibu, uliza kipimo kilichotumika. Kwa milimoli (mmol/L), jumla ya kolesteroli inayotakiwa ni chini ya 5. Kwa miligramu (mg/dL), chini ya 200. Nimeona watu wakitetemeka kwa kusoma 190, kumbe ni sawa na 4.9 tu. LDL nayo isomwe kando na jumla hiyo, kisha daktari aizingatie pamoja na presha, sukari na uvutaji sigara kabla ya kuamua dawa.

Waliokwisha kuandikiwa statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, wana tabia moja inayoniudhi: majibu yakiwa mazuri wanaacha vidonge na kuhamia kitunguu saumu na ndimu. Majibu ni mazuri kwa sababu ya vidonge! Anayetaka kupunguza au kuacha arudi kwa daktari wake kwanza.

Kwa wafungashaji ombi langu ni moja: andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kila gramu 100 za mafuta yenu zina gramu ngapi za mafuta ya kuganda.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma