Umeniuliza siku hizi ninafanya nini

Goma, Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salamu yako ilifika, na lile swali lako nimelikimbia wiki mbili nzima, eti siku hizi unafanya nini. Ni haya tu. Si unajua hapa kartie walikuwa wananiitaka "Banki", hata watoto, "Banki ule anapita", na mie nililipenda lile jina kupita lile nililobatizwa nalo. Sasa mabanki ya Goma yalifungwa Januari 2025, mji ulivyoanguka mikononi mwa waasi wa M23, na kazi ikafia palepale. Lakini shati ya kazi niliendelea kuipiga pasi kila Jumapili usiku, usicheke, bibi yangu, mama watoto, alishacheka sehemu yako pia.

Basi nikaanza kufuata vijana wa paruasi hospitali kila Jumamosi. Sitakudanganya, hakuna sauti iliyoniita, nilichoka tu kukaa nyumbani. Unajua mambo ya kwetu, hospitali haipikii mgonjwa, ndugu njo analeta chakula, anafua, anamgeuza kitandani, anakimbia na ordonansi, ile karatasi ya dawa, mpaka famasi, huyo njo gadimalade. Sasa mtu ameletwa toka Masisi na risasi mguuni, ndugu zake wametawanyika, yeye atalindwa na nani? Analala pale ananusa sombe ya jirani. Na sisi tulikuwa tunaingia na gitaa, nyimbo mbili, maombi ya sauti kubwa, tunaacha vipande vya sabuni, tunapiga foto, tunaenda. Ile ya foto inaniuma mpaka leo.

Siku moja mama mzee aliyekuwa analinda mjukuu wake akanivuta mkono, akasema, "Papa, munaimba muzuri, lakini mugonjwa habamutazamake na macho tu, banamulindaka." Weh. Nikakumbuka Matayo 25, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama", huo mstari nimeusoma kanisani mara ngapi sijui, na kichwani mwangu siku zote ilikuwa mtu amesimama mlangoni anachungulia. Yule mama akanionyesha kijana wa kitanda 7, siku nne hajaoga. Mie, hata watoto wangu mwenyewe sijawahi kuwaogesha! Nilimwogesha vibaya sana, maji ikajaa godoro, yeye anacheka, mie natetemeka. Jumatatu nikarudi, na ile shati niliyopiga pasi. Jumanne tena.

Sasa ni kila asubuhi. Nabeba bugali, maharagi, sambaza, wale samaki wadogo, zikipatikana. Bibi njo anapika, anasema misionari ni yeye, mie ni moto taksi yake tu, na kusema kweli sioni kosa lake.

Kuna kitu nakiwaza sana, habari ya Floribert Bwana Chui. Juni 2025 walimtangaza mwenyeheri kule Roma, na tangu pale kila mhubiri ni kifo chake tu, alivyokuwa anafanya kazi OCC, ile ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, hapa Goma, akakataa pesa za kupitisha chakula kilichoharibika, wakamuua 2007 na miaka yake 26. Ni sawa wakihubiri hivyo. Ila mie kinachonikamata ni mambo ya mbele ya pale, kwamba alikuwa anashinda na maibobo, watoto wa barabarani, yeye na wenzake wa Sant'Egidio, ile jumuiya ya Wakatoliki, wanawafundisha kwenye Shule ya Amani. Mtu aliyezoea kukaa na watoto wanaookota chakula barabarani, utampaje karatasi ya mchele umeoza umwambie ni sinyatire tu, atie sahihi? Alishajua nani ataula. Hilo ni wazo langu, mapadri wana yao.

Na weye sasa. Unaandika eti unangoja uwe na uhakika wa wito kwanza njo uingie masomo ya Biblia pale Lubumbashi, na umefunga siku mbili za kila wiki. Funga, sikukatazi. Lakini hapo Lubumbashi hakuna hospitali? Mie kama ningengoja uhakika ningekuwa bado napiga pasi.

Usifikiri nimekuwa mtakatifu. Kuna asubuhi natoka kitandani nimekasirika, pesa hakuna, na juzi bibi aliniuliza, unalinda wa wengine, wako analindwa na nani? Nikanyamaza. Mpaka sasa sijamjibu, na tunapika kidogo kidogo, tunagawa hivyo hivyo.

Alhamisi njo ilitokea kitu, sijamwambia mtu mwingine. Infirmie, muuguzi wa pale, alisimama mlangoni na karatasi, akauliza kwa sauti, "Gadimalade wa kitanda 7 ni nani?" Zamani ukiniuliza mie ni nani nakuonyesha badji. Nikaanza kutafuta kichwani, si ndugu yangu huyu, luga yake ya nyumbani hata siisikii, jina lake la baba nililijua wiki iliyopita tu, na kabla sijamaliza kutafuta mdomo ulishasema, "Ni mie." Akanipa ordonansi, nikakimbia famasi na mvua ile yote.

Nisalimie watoto. Ukipata mtu anayekuja huku mpe sabuni, hata miche miwili.

Mie,
Banki wa zamani