Nyumba yenye mtoto anayetambaa: sabuni kwanza, jiki baadaye

Mzazi mwenye mtoto mdogo akitupigia simu kuulizia usafi wa nyumba, mara nyingi kabla hata ya kufika kwenye bei anauliza: "Mnatumia dawa gani ya kuua vijidudu?" Tukimjibu kwamba tunaanza na sabuni ya kawaida na maji ya kutosha, anaguna. Anahisi tunabana matumizi. Tuelezane basi, maana hili likieleweka, hata bei yetu itaeleweka.

Jiki ni dawa nzuri, ila klorini yake haichagui. Ikikuta mafuta, uji uliokauka au mabaki ya kinyesi, inaanza kupambana na hayo na nguvu inaishia hapohapo. Vijidudu vilivyojificha chini ya uchafu vinapona. Ndiyo maana nyumba inaweza kunuka jiki kuanzia mlangoni na sakafu bado ikawa chafu. Sabuni inalegeza mafuta, uchafu unabanduka, kisha maji yanauondoa pamoja na sehemu kubwa ya vijidudu vilivyomo. Kwa hiyo tunafagia, tunasugua kwa sabuni, tunasuuza, na dawa inafuata pale tu inapohitajika.

Inahitajika chooni, kwenye poti, mahali pa kumbadilishia mtoto nepi, palipotapikiwa au kuharishiwa, na jikoni palipokatiwa kuku au nyama mbichi. Kuta, mapazia na makabati yanatosheka na kitambaa chenye maji ya sabuni. Wapo wanaotuomba tumwage jiki kila chumba. Huwa tunakataa kwa upole, hasa kama kuna mtoto mwenye pumu, kwa sababu harufu ile inaweza kumbana kifua.

Poti tuizungumze kwa kirefu, maana ndiyo tunayoikuta imesahaulika kuliko chombo chochote. Wengi bado wanaamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa ananyonya tu. Si kweli. Kinaweza kubeba virusi na bakteria wa kuhara kama cha mtu mzima, na mtoto wa pili ndiye anayeambukizwa. Kilichomo kimwagwe chooni, kisimwagwe kwenye sinki la vyombo wala kwenye mtaro wa uani. Suuza poti, isugue kwa sabuni na brashi yake yenyewe, suuza tena, ndipo uweke maji ya jiki. Usimwage jiki juu ya mkojo: vikikutana vinatoa gesi inayowasha macho na kubana koo. Hali kadhalika usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Hiyo ni hatari zaidi, hasa kwenye choo kidogo kisicho na dirisha.

Vipimo navyo vina mambo yake. Soma lebo. Kama jiki yako ni ya asilimia 3.5, mililita 30 kwenye lita 1 ya maji baridi zinatosha kwa poti na sakafu ya choo. Acha palowe kwa dakika 10, kisha suuza. Maji ya moto yanaipunguza nguvu, jua pia, kwa hiyo changanya ya siku hiyo tu. Ukizidisha kipimo unaishia kuchubua mikono ya dada na kumaliza chupa mapema.

Ukiingia jikoni, tafuta kile kitambaa kinachokaa ukingoni mwa sinki. Kimefuta meza, kimefuta kisu, kikamfuta mtoto uji mdomoni, na usiku kimelala kimelowa. Bakteria hupenda unyevu na mabaki ya chakula, na hapo wamepata vyote viwili. Weka vitambaa kadhaa, kila siku tumia kilichofuliwa na kukaushwa juani, na cha kumfutia mtoto kiwe chake peke yake. Hili halihitaji kutulipa.

Kwenye deki kosa tunalolikuta mara kwa mara ni ndoo moja na tambara moja kwa choo na sebule. Sisi tunaanza vyumbani, tunamalizia chooni, na vifaa vya choo haviingii kwingine. Maji yakibadilika rangi, yanamwagwa. Mtoto anayetambaa anatembea kwa viganja, na viganja hivyo vinaishia mdomoni, kwa hiyo ile desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni isilegezwe hata kwa mgeni wa heshima. Zulia zito tunashauri likunjwe kwa miezi hiyo, utandike mkeka unaofutika. Msimu wa masika hatupokei kazi ya kufua mazulia makubwa. Yasipokauka vizuri yanaota kuvu, na hiyo inakuwa balaa nyingine.

Jambo linalotutisha kuliko vijidudu ni jiki, sabuni ya maji na mafuta ya taa ya kupima, vinavyowekwa kwenye chupa za maji ya kunywa au soda. Mtoto hasomi lebo. Anaona chupa anayoijua. Tukizikuta chini ya sinki tunazipandisha juu na kukuambia. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa hiyo mkononi.

Baada ya yote hayo, ukweli ni kwamba hatuwezi kukuachia nyumba isiyo na kijidudu hata kimoja, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Mikono ndiyo inayovirudisha. Kunawa kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban theluthi moja, na hakuna dawa ya sakafu tunayouza yenye faida ya namna hiyo. Anayetoka chooni, anayebadilisha nepi na anayeshika chakula cha mtoto wanawe kwa maji yanayotiririka, hata kama ni kwa kata. Watu watano kunawa kwenye beseni moja ni kugawana uchafu. Vitakasa mikono havifui dafu kwa virusi wa aina ya noro, wale wanaoleta kutapika na kuhara. Na kadi ya kliniki iangaliwe: chanjo ya rota, inayomkinga mtoto na kuhara kwa virusi wa jina hilo, imo kwenye ratiba ya Tanzania tangu 2013.

Ukituita, tuambie idadi ya vyumba, umri wa watoto, na kama yupo mwenye pumu au ngozi inayowasha. Siku hiyo mtoto apelekwe kwa jirani au kwa bibi mpaka sakafu ikauke, na madirisha yawe wazi. Jiki na sabuni tunakuja navyo wenyewe kwenye chupa zake za dukani. Maji ni ya kwako. Kama bomba halitoi na tangi limekauka, piga simu tuahirishe, kwa sababu nyumba nzima kwa ndoo moja hatudeki.