Kwa dada yangu aliyefumua mafuriko

Dada, shikamoo.

Umenitumia picha ya kile kitambaa tulichotarizi habari za bonde letu kikiwa kimetundikwa ukumbini, bila neno hata moja. Kimependeza, sikatai. Mvuvi wako ametulia kwenye mtumbwi, na yule ng'ombe anayekunywa maji nimemcheka hadi machozi. Mkono wako kwenye sindano hauna mpinzani. Lakini jicho langu lilikwenda moja kwa moja kati ya daraja na mashamba, pale palipokuwa na mafuriko.

Ule usiku sijausahau. Ulikigeuza kitambaa, ukakata nyuzi kwa nyuma kwa wembe, kisha ukazivuta moja moja kwa kibano. Yalianza kutoka maji, likafuata paa lililokuwa likielea, mwisho Mama na kilemba chake cha njano, amejitwika sanduku. Nilipouliza, ukasema wageni hawaji kutazama misiba yetu. Halafu ukaniambia nikushikie taa. Nikakushikia! Wewe ndiye mkubwa, ningefanyaje?

Na si wewe uliyenionyesha picha za kitambaa cha Bayeux, kile cha kule Ufaransa kinachosimulia vita vya Wanormani kuiteka Uingereza, ukasema tuige pale? Kazi ya karne ya 11, karibu mita 70, sufu juu ya kitani. Hukumwona mama aliyemshika mtoto mkono, wanakimbia nyumba inayochomwa moto? Hukuona kwenye pindo la chini maiti wakivuliwa deraya? Na wanawake wa Keiskamma kule Afrika Kusini, walitarizi mita 120 zikatundikwa bungeni Cape Town, na ile habari ya Waxhosa kuchinja ng'ombe wao wenyewe kwa kuamini unabii, mwaka 1856 na 1857, hadi njaa ikaingia, hawakuificha.

Nakushauri kwa upendo: siku nyingine kabla ya kufumua, mwulize aliyechora. Sufu ikitoka, kitani hubaki na matundu, na hizo nyasi mlizojazia juu hazijayaziba. Hata kwenye picha nayaona. Mimi sikuchora mafuriko ili kuwatia watu simanzi. Nilichora alivyosimulia Mama, na aliyekaa naye akisimulia ni mimi, wewe ulikuwa kwako. (Wasomaji, hili lipiteni, ni la nyumbani.) Halafu hayo mashamba ya kijani mnayojivunia, rutuba yake imetoka wapi kama si kwenye tope lililoletwa na maji yale yale? Mmebakiza mavuno, mkafuta mto.

Harusi ya binti yako nitakuja, na shela lake nitalitarizi kama nilivyoahidi, hilo lisikunyime usingizi. Ila kile kipande cha kitambaa chenye kivuko hakitoki kwangu mpaka Mama arudishwe mahali pake. Kamati ya kitambaa ikiuliza kwa nini kimechelewa, uwajibu wewe.

Mdogo wako.