Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam

Yah: Safu moja kwenye ripoti ya mwezi

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo. Kazi yangu ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya ugonjwa au ajali, ingawa wengi hudhani ni yale yale mazoezi ya fiziotherapia. Nakuandikia kuhusu karatasi tunazojaza.

Mwaka jana nilimpokea mama mmoja wa Tandika, muuza vitumbua. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia. Alipopata nafuu nilimpima kwa Barthel, kipimo cha tangu 1965 chenye vipengele kumi: kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni na vinginevyo vya namna hiyo. Akapata 95 kati ya 100. Tano alizokosa ni za kupanda ngazi, na nyumba yake haina ngazi hata moja. Nikaandika kwenye faili "anajitegemea", tukamruhusu.

Haukupita mwezi bintiye akamrudisha. "Anajitegemea nini, daktari, na anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga ni mimi?" (Mimi si daktari, ila nimeshachoka kubisha.)

Safari hii nilitumia COPM, kipimo kilichotoka Kanada mwaka 1991. Hakina orodha ya shughuli. Mgonjwa ndiye anayetaja kinachomshinda, iwe kujihudumia, kazi au mapumziko. Huchagua mambo yasiyozidi matano, kisha kila moja hulipatia alama mbili, kuanzia 1 hadi 10: anavyolimudu, na anavyoridhika nalo. Vipimo vikirudiwa, alama zikipanda mbili au zaidi, hiyo huhesabiwa nafuu yenye maana.

Namba zilimtatiza, nikamwagia mezani vizibo kumi vya soda. Kwa kumimina unga kikaangoni alisogeza viwili. Kwa kuridhika, kimoja, tena alikisukuma kwa ncha ya kidole kama kitu kinachonuka. Tukaanzia hapo. Jiko la mkaa tulilipandisha juu ya matofali. Mshikio wa upawa niliuzungushia tyubu ya baiskeli unenepe. Vile vibao vya kupanga tunavyozoezea mkono tukaviweka kando, akawa anajifunza kwa kumimina uji wa unga. Wiki ya nane alisogeza sita, na kwa kuridhika saba. Barthel, nilipoirudia, ilikuwa 95 ileile.

Sisemi Barthel itupwe, inatufaa wodini. Na kuna wagonjwa wasioweza kujieleza, hao itabidi tuwaulize wanaowauguza. Lakini ripoti ya mwezi ninayojaza inataka idadi ya waliohudumiwa tu, na yule mama amo humo kama mtu mmoja, kupona kwake hakumo. Naomba iongezwe safu: mgonjwa ametaja nini, alianza na ngapi, amefika ngapi.

Fomu za COPM zinauzwa. Bajeti isiporuhusu, swali lenyewe, la nini kinamshinda mgonjwa, liandikwe kwenye faili kwa Kiswahili chetu. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni muda. Mazungumzo hayo huweza kula nusu saa, na kwa foleni ya Jumatatu nusu saa ni wagonjwa wawili. Muda huo usipohesabiwa kuwa kazi, wenzangu wataruka swali na kujaza namba, na siwalaumu, maana nami nimefanya hivyo.

Wako katika kazi,
Mtoa tiba kwa vitendo,
Dar es Salaam