Glavu za mtoto za soksi kuukuu: mshono ukae nje

Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai ikibisha hodi huku Nyanda za Juu Kusini, akina mama wanaotarajia kujifungua Njombe, Makete na Mbeya hukusanya vitu vya mtoto mapema, na wengi hushona wenyewe glavu za mtoto kwa soksi kuukuu. Ni wazo zuri. Soksi iliyofuliwa miaka miwili ina ulaini ambao kitambaa kipya hakina, na mpira wake wa juu umeshachoka kiasi, jambo ambalo kwa mkono wa mtoto ni faida. Ila glavu nyingi zinazoletwa kwa mafundi zirekebishwe zina kosa lile lile: mshono uko ndani. Mshonaji amekata, ameshona, kisha amegeuza ili mshono usionekane, kama anavyofanya kwenye shati. Kwa shati ni sawa. Kwa glavu ya mtoto mchanga mambo ni kinyume: uso wa nje ndio ubebe mshono, na ndani pasiwe na kitu cha kushika.

Sababu ni uzi. Mtoto mchanga hukamata chochote kinachogusa kiganja chake. Hachagui, ndivyo alivyozaliwa. Akiwa amevaa glavu anakunja na kukunjua vidole mchana kutwa, na uzi mmoja uliochomoza kwenye mshono unatosha kujizungusha kwenye kidole. Kadiri anavyokichezesha ndivyo unavyokaza. Kidole huvimba, uvimbe unaufunika uzi, na mzazi haoni kitu zaidi ya kidole chekundu kinachoanza kuwa zambarau. Madaktari wa watoto wanaijua hali hii. Hutokea hata kwa unywele wa mama, na kwenye vidole vya miguu pia. Damu ikizuiwa muda mrefu kidole kinaweza kupotea. Kwa hiyo mtoto akilia na hanyamazi kwa ziwa wala kwa kubadilishwa nepi, mvue glavu kwanza na kukagua kidole kimoja kimoja mpaka kwenye shina. Uzi uliolegea utautoa kwa mkono. Uliozama kwenye nyama usiuchokoe kwa wembe wala sindano. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa soksi yenyewe. Igeuze ndani nje kabla hujashika mkasi. Soksi zenye maua, mistari ya rangi au maandishi yaliyofumwa huwa na nyuzi ndefu zilizolala kwa ndani, zinazoruka kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwa mguu wa mtu mzima hazina neno, lakini kwa kidole cha mtoto huo ni mtego mtupu, hata ushone vizuri namna gani. Ziache. Ziache pia zile nene zenye vitanzi vidogo vidogo ndani kama taulo. Tafuta soksi ya rangi moja, laini ndani na nje. Soksi ndefu nyeupe za shule ni bora kuliko zote, maana kisigino na vidole ndivyo vinavyotoboka huku sehemu ya muundi ikibaki nzima kabisa.

Pamba ndiyo inayotakiwa, kwa kuwa hunywa jasho. Kama lebo haipo, kata kipande kidogo cha sehemu utakayotupa, ukichome ukiwa nje ya nyumba, umekishika kwa koleo. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi linalosagika. Nailoni na poliesta huyeyuka, kisha huganda kuwa punje ngumu. Soksi nyingi ni mchanganyiko, utaona vyote viwili. Ikiwa punje ni ndogo na jivu ni jingi, endelea nayo. Soksi ya mtu mwenye fangasi za miguuni usiitumie hata kama umeichemsha. Na za rangi kali, hasa nyeusi na nyekundu, zisugue kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa: rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia na kinywani mwa mtoto.

Vipimo. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa uzito wa kawaida, glavu iliyokamilika iwe na urefu wa sentimita 10 kutoka kwenye pindo la mkono hadi ncha, upana wa sentimita 7 penye kiganja na sentimita 5 penye kifundo, ikiwa imelala bapa. Hapa ndipo soksi ya mtu mzima inapowadanganya wengi. Wanakata sentimita 10 kutoka juu, wanafunga ncha, wanadhani wamemaliza. Lakini mdomo wa soksi hiyo ukilala bapa ni sentimita 8 hivi, na glavu itavuka kabla mtoto hajalazwa. Ndipo wanaongeza lastiki au kufunga utepe, na hilo ni kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Dawa ni kupunguza upana kwa mshono wa pembeni. Soksi za mtoto wa chekechea au darasa la kwanza hazina shida hiyo sana. Mara nyingi mdomo wake unahitaji kupunguzwa kidogo tu.

Kata patani ya karatasi ngumu kwa vipimo hivyo. Ncha iwe ya duara. Kikombe kidogo cha kahawa kinatosha kuchora duara hilo. Usiiache na pembe za mraba, kwa sababu kila pembe ni kimfuko ambamo kidole huingia na nyuzi hujikusanya. Laza soksi bapa ikiwa upande wake wa kawaida wa nje ukikutazama. Mdomo wa soksi ndio uwe pindo la glavu, maana umeshafumwa na haufumuki. Ukingo mmoja wa patani uulaze sambamba na ukingo wa soksi: upande huo hautakuwa na mshono kabisa. Chora kuzunguka upande wa pili na ncha kwa kipande chembamba cha sabuni iliyokauka, ambayo hutoka kwa maji tu. Kila soksi itoe glavu moja, kwa sababu kila glavu inahitaji mdomo wake.

Kisha shona kwanza, ukate baadaye. Wasioshona vitambaa vya kufuma hushangaa, lakini soksi ikishakatwa hujikunja, hutanuka na kufumuka safu kwa safu, nawe unabaki unashona kitu kisicho na umbo. Ishikize kwa pini tatu, ufuate mstari wa sabuni, na ukimaliza ndipo ukate nje ya mshono ukiacha nusu sentimita. Hesabu pini zako kabla na baada ya kushona.

Mwenye cherehani ya zigizaga aweke zigizaga nyembamba. Cherehani ya kukanyaga, iliyo kwenye nyumba nyingi, ina mshono wa kunyooka tu, na mshono huo hukatika soksi ikivutwa. Fupisha hatua za sindano, ivute soksi kidogo sana kwa mbele na nyuma wakati unashona, kisha pitisha mstari wa pili milimita 2 kutoka wa kwanza. Sindano iwe ya vitambaa vya kufuma, ile yenye ncha ya mviringo. Ya kawaida hutoboa nyuzi na kuacha vitundu vinavyokua kila ukifua. Anayeshona kwa mkono arudi nyuma nusu hatua kila anapochoma, hatua zisizidi milimita 3. Mshono wa kwenda mbele tu hautadumu. Tumia uzi wa poliesta wa kawaida, kamwe usitumie ule wa nailoni unaong'aa kama mshipi wa kuvulia, kwa maana haukatiki na unakata ngozi. Fundo la mwanzo na la mwisho yote yakae nje, na mikia ya uzi ichomekwe ndani ya mshono kabla ya kukatwa.

Usigeuze. Zungushia ukingo uliokatwa kwa ovaloki (cherehani ya kufungia kingo), zigizaga pana, au kwa mkono ukizungusha uzi ukingoni, na glavu imeisha. Anayeona haya mshono kuonekana achague uzi wa rangi ya kupendeza aufanye pambo. Vifungo, shanga, riboni na vile vimanyoya vya juu havina nafasi hapa. Vyote huishia mdomoni.

Wapo wanaotengeneza za tabaka mbili, moja ndani ya nyingine, mishono ikiwa imefichwa katikati. Ndani yake ni safi kweli, na kwa usiku wa Makete zinafaa. Kwa Tanga au Dar es Salaam ni kumpikia mtoto mikono. Joto la pwani linahitaji tabaka moja la pamba nyembamba, na Februari hata hilo ni kwa ajili ya kucha tu.

Kipimo cha kifundo kisiishie kwenye rula. Mvalishe mtoto, halafu pitisha kidole chako kidogo kati ya pindo na mkono wake: kipite bila kulazimisha. Baada ya nusu saa vua utazame. Mstari mwekundu ukiwepo, fumua mshono wa pembeni ulegeze. Glavu inayovuka kila mara ni usumbufu. Inayobana ni hatari. Kwa familia zinazomfunga mtoto uzi mweusi, ushanga au hirizi mkononi: pindo la glavu likikaa juu yake huukandamiza na kuuficha kwa wakati mmoja, na mtoto ananenepa haraka kuliko mnavyokumbuka kulegeza. Mkono uliofungwa kitu usivalishwe glavu.

Kufua ni kwa sabuni isiyo na manukato makali, na kusuuza mara tatu. Jiki huharibu mpira wa kwenye pindo, kwa hiyo iache. Weupe si muhimu hivyo. Anika juani kwenye kamba, si kwenye nyasi wala kivulini. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutokeza kama jipu. Ndiyo maana wazee wanasisitiza nguo za mtoto zipigwe pasi pande zote mbili. Kwa glavu, pasi ipite zaidi kwenye mshono na kwenye mikunjo ya pindo, ambako mayai hujificha. Pindo litandikie kitambaa chembamba juu, moto usiunguze mpira. Ukimaliza kupiga pasi, geuza glavu ndani nje, itazame mwangani, na pitisha ncha ya kidole chako kote. Fanya hivyo kila kabla ya kumvalisha, kwa sababu uzi ambao jana haukuwepo leo upo, na nywele za mama zinazopukutika miezi michache baada ya kujifungua huingia humo bila hodi.

Neno moja kuhusu matumizi, kwani glavu hupewa kazi isiyo yake. Mikono na miguu ya mtoto mchanga kuwa ya baridi kidogo ni kawaida. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, gusa kifua au shingo kwa nyuma. Kinachompa joto ni kulazwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, kofia, na nguo tabaka moja au mbili zaidi ya alizovaa mtu mzima, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Glavu zinazuia kucha zisimkwaruze uso, basi. Na hilo nalo lina njia fupi zaidi: kucha zilainishwe kwa tupa ndogo, au zikatwe kwa kikata kucha cha watoto akiwa usingizini, si kwa meno ya mama.

Wakati wa kunyonya glavu zivuliwe. Mtoto hutafuta ziwa kwa mikono, na kupeleka mkono mdomoni ni dalili ya mapema ya njaa; aliyefunikwa hufika kwenye kilio ndipo aeleweke. Glavu iliyolowa mate ibadilishwe hapo hapo, kwa hiyo andaa jozi tatu au nne. Usimwache nazo usiku kucha bila kutazamwa. Akifika miezi mitatu hivi, anapoanza kuzitazama na kuzishika kwa makusudi, mwachie mikono yake.

Ombi kwako Mhariri: kama nafasi inaruhusu, chapisha patani hii kwa ukubwa wake halisi, sentimita 10 kwa 7, kifundo sentimita 5, ncha ya duara, ili msomaji aikate gazetini. Aibandike kwanza kwenye boksi la dawa ya meno au la sabuni kabla ya kuilaza juu ya soksi nyeupe, kwani wino wa gazeti hauchelewi kuchafua.

Fundi cherehani,
Njombe