Njaa inashtakika kortini

Mhariri,

Kila ukame unapobisha hodi kaskazini mwa Kenya, kisingizio ni kile kile: pesa hakuna. Kisheria, kauli hiyo tupu haitoshi. Kifungu cha 43(1)(c) cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 20(5) nacho kinaitwika serikali mzigo wa kuthibitisha kwamba fedha hazipo. Mlalamishi hatakiwi kuonyesha zipo.

Kesi hufunguliwa Mahakama Kuu chini ya Kifungu cha 22, bila ada, ikibidi hata kwa barua ya kawaida, na jirani anaweza kumshtakia asiyejiweza. Nyingi hukwama kwenye maelezo. “Watu wanalala njaa” haitoshi. Tangu uamuzi wa mahakama katika kesi ya Anarita Karimi Njeru wa 1979, majaji hutaka kuambiwa kifungu gani kimevunjwa na kimevunjwa vipi: wadi gani, mahindi ya msaada yalikoma mwezi gani, afisa yupi aliandikiwa akanyamaza.

Penye watoto, ongezeni Kifungu cha 53(1)(c) kuhusu lishe. Ajabu ni kwamba mara nyingi husahaulika, ilhali hakimo kwenye orodha ya haki ambazo serikali inaruhusiwa kuzitekeleza hatua kwa hatua.